Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Mugiriki

Nyumba ya Mugiriki ilianguka siku ya Jumanne, mchana, watu wakiwa wanakula. Haikuua mtu. Riziki, anayeniita shangazi tangu utotoni, alinipigia simu akaniambia kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo cha mgonjwa wa siku nyingi: "Tantine, imeenda." Nilivaa kandambili nikateremka kuelekea Nyamianda ya chini, polepole, kwa sababu magoti yangu hayapendi tena mteremko. Kwa miaka kadhaa ziwa lilikuwa linapanda. Lilikula kwanza bustani, kisha likaingia barazani, kisha likakaa vyumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Familia ya Riziki ilihamia vyumba vya nyuma, wakainua vitanda juu ya mawe, wakazoea. Nilipofika, upande mzima wa mbele ulikuwa umelala majini, na zile nguzo za baraza ambazo watu walikuja kupigia picha za harusi hazikuonekana tena. Vitanda, masufuria na godoro moja lililolowa vilikuwa barabarani. Riziki, ambaye sasa ana miaka hamsini na wajukuu, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Nikakaa kando yake. Sikulia, na yeye hakulia. Tulikuwa tumechoka tu. Niliishi mwaka mmoja tu katika nyumba ile, nikiwa na miaka ishirini, na tangu hapo sijawahi kutoka ndani yake kabisa.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya ujenzi, msichana pekee katika darasa letu, na mpima ardhi mmoja aliyeitwa Baba Zakaria alinichukua nimchoree ramani kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kwetu ni Katogota, mbali mno kwa kwenda na kurudi kila siku. Akanitafutia chumba kwa mjane mmoja, Mama Riziki, ambaye mume wake, Byamungu, alikuwa amefariki msimu wa mvua uliotangulia. Hivyo ndivyo nilivyoingia Nyumba ya Mugiriki. Mugiriki mwenyewe hakuna aliyemkumbuka vizuri. Alikuwa ananunua pamba ya bonde la Ruzizi zamani za Wabelgiji, akajenga nyumba isiyopata joto, na siku moja akaondoka. Msingi wake ulikuwa wa mawe meusi ya mtoni, mviringo, yaliyopanda mpaka usawa wa goti. Kuta zilikuwa nene kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Madirisha yalitazamana, moja upande wa ziwa na jingine upande wa mlima, ili mchana upepo wa ziwa upite kwenda juu na jioni ule wa mlima upite kurudi chini. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, baridi hata mwezi wa tisa, na watoto walilala juu yake kifudifudi wakifanya kazi za shule. Dari lilikuwa la matete yaliyopakwa chokaa. Juu ya dari hakukuwa na ukuta wowote, ni paa moja tu kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo neno lililosemwa sebuleni lilisafiri juu ya vichwa vyetu na kushuka jikoni. Hilo nililijua siku ya kwanza, nilipomsikia mtu nisiyemwona akikohoa juu ya kitanda changu.

Aliyekohoa alikuwa Baba Mukubwa Bulambo, kaka mkubwa wa marehemu. Ndiye aliyeinunua nyumba, na alikaa mbele, vyumba vya upande wa ziwa, na mke wake na watoto saba. Mama Riziki alikaa nyuma, vyumba vitatu vya upande wa mlima, na watoto wake watatu, Riziki akiwa wa kwanza, miaka minane. Mimi nilipewa chumba kidogo pale sehemu ya nyuma inapoungana na nyumba kubwa. Wakati wa uhai wa Byamungu, ukumbi mrefu uliounganisha pande mbili ulikuwa wazi na sahani zilikwenda na kurudi. Nilipofika, mlango wa katikati ulikuwa umezibwa kwa kabati. Tulikula sisi watano, chini, mkekani: bugali ya muhogo, ndagala, dagaa wa ziwani, za kukaanga kwa mawese na nyanya, na sombe, majani ya muhogo, siku za Jumapili. Mama Riziki alinipakulia mimi kwanza, akisema kazi yangu ni ya macho na macho hayaoni vizuri kama tumbo ni tupu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mrefu, mwenye mikono iliyopasuka kwa sabuni. Jambo moja tu lilimfanya aongee sana, nalo lilikuwa zile kuta. "Baba yenu alijenga hizi vyumba na mikono yake," aliwaambia watoto, karibu kila jioni, kama wengine wanavyosali kabla ya kula. "Bila fundi. Peke yake. Mutakapokuwa wakubwa, mutasema: hapa njo kwetu." Na Riziki alikuwa na tabia ya kuupapasa ukuta kila anapopita, kama mtu anayemsalimia baba.

Siku matanga yalipokwisha, miezi mingi baada ya mazishi, Baba Mukubwa alikuja nyuma. Hakupitia ukumbini. Alizunguka kwa nje, akapiga hodi, akakaa, akanywa chai yake mpaka mwisho. Nilikuwa chumbani na mlango ulikuwa wazi. "Mama Riziki," alisema, "weye uko bado kijana. Rudi kwa kaka zako kule mulimani. Watoto watabaki hapa, ni ya ukoo. Mutoto yangu Musafiri anaoa, na iko anahitaji nafasi." Mama Riziki akajibu: "Baba Mukubwa, ungenifukuza mu nyumba yako, ningetoka leo leo. Lakini hii vyumba tatu alijenga bwana yangu. Sitoke." Hakupaza sauti. Baba Mukubwa aliweka kikombe chini taratibu sana, akasema asante kwa chai, akaondoka. Wiki ileile jambo likafika kwa shefu wa mtaa, naye akaamua lililoonekana la haki: nyumba ipimwe na ichorwe. Kama vyumba vya nyuma viliongezwa na Byamungu, ni vya watoto wake na mama yao. Kama vilijengwa pamoja na nyumba, Bulambo alivinunua na ni vyake. Kazi akapewa Baba Zakaria, na Baba Zakaria akanipa mimi. "Si unalala mulemule?" alisema akicheka. "Pima tu ukitoka kitandani."

Aliniambia pia nimtafute fundi mmoja wa Nyakabere, Mzee Kashindi, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini wakati Mugiriki anajenga. Wengine wote waliobeba tofali pale walikuwa wamekufa. Mzee alikuja na lori la mpunga, amevaa koti la kanisani katikati ya jua. Alikuwa mkatekista, mtu wa kunyoosha maneno. Hakupima kitu. Alizunguka nyumba mikono nyuma, akisimama hapa na pale, akitaja majina: huyu alichanganya chokaa, yule alikuwa anaimba mpaka Mugiriki anakasirika, ukuta huu tuliubomoa mara tatu kwa sababu ya upana wa kidole. Mtu yeyote mjini akitaka kununua nyumba ya zamani au akiona ufa, alimwita yeye. Siku tano nilitembea nyuma yake na kalamu, na nilijifunza kwake kuliko miaka yote ya shule. "Nyumba haidanganyake, binti," aliniambia. "Inanyamaza tu, mupaka muntu aiulize." Akanionyesha jinsi ya kuuliza. Kuta zilizojengwa siku moja, alisema, huumana: tofali la ukuta huu linaingia ndani ya ule, la ule linaingia ndani ya huu, kutoka msingi hadi juu, kama vidole vya mikono inayosali. Ukuta ulioongezwa baadaye hauumani na wenzake. Unagusana nao tu. "Kwaruza lipu kwenye kona, utaona. Minye nikikuambia, utakuwa umesikia. Ukiona, utakuwa umejua." Akapanda lori akarudi kwake kungoja siku ya kikao.

Nilikwaruza kwa kijiko, alasiri, nyuma ya kitanda changu, Mama Riziki akiwa sokoni. Nilianzia chini. Tofali la kwanza liliingia ndani ya ukuta wa nyumba kubwa. La pili halikuingia. La tatu liliingia. Nikapanda mpaka usawa wa kifua, nikitumaini kwamba patatokea mahali pa kukatika, lakini hapakutokea. Chokaa ilikuwa ileile, ya rangi ya maziwa yaliyoungua, na mawe ya msingi yalikuwa yaleyale. Nikaenda kona ya pili, nje, nyuma ya jiko, nikakuta vilevile. Byamungu hakujenga vyumba vile. Vilikuwapo kabla hajazaliwa. Nilikaa chini kwenye vumbi la lipu mpaka niliposikia watoto wanarudi, na Riziki akaingia, akaona kijiko na kona iliyochubuka. "Unafanya nini baba?" akaniuliza. Alimaanisha ukuta.

Siku chache baadaye nikasikia yaliyobaki. Ilikuwa saa ya joto baada ya chakula, watu wakiwa wamejilaza, na nyumba ilikuwa kimya. Sauti ya mke wa Baba Mukubwa ikapita juu ya dari. "Juu ya nini unanyamaza? Sema tu kama Byamungu hakujenga kitu." Baba Mukubwa akakohoa kikohozi chake. "Nitasema nini? Minye njo nilimuambia adanganye. Wakwe walikuwa wanauliza, huyu kijana iko na nyumba? Nikamuambia, sema vyumba ya nyuma ulijenga weye. Nikamupa na mabati, apande juu, abadilishe paa, watu ya mutaa wamuone anatoka jasho." Nilifikiri amesinzia. "Nilimupenda sana ule mutoto," akasema. Mke wake akamwuliza: "Na sasa?" "Sasa mutoto yangu anaoa na hana fasi ya kulala."

Watu hupenda kuniuliza, wakisikia nilifundisha uchoraji wa ujenzi miaka thelathini, kama kazi ile ilikuwa ngumu. Hakuna kilichonichosha maishani kama yale niliyoyasikia alasiri ile moja. Kama Baba Mukubwa angekuwa mwizi, ningejua la kufanya. Lakini hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyempa mdogo wake heshima ya bure, na sasa heshima ile ilikuwa imekaa nyumbani kwake na watoto watatu na haikutaka kutoka. Na mjane naye hakuwa mwongo. Alikuwa anaamini. Nilijaribu kumweleza Baba Zakaria, nikashindwa kuanza. Nilijaribu kumweleza Mama Riziki. Aliniuliza mwenyewe, akinipakulia ndagala: "Unaona nini mu ukuta?" Nikajibu kwamba bado napima. Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akaniongezea bugali.

Nikachora. Nilichora nyumba kubwa kwa mstari mzito, vyumba vya nyuma kwa mstari mwembamba, na pale pande mbili zinapokutana nikaacha nafasi nyembamba kama unywele, alama ambayo kila mpima ardhi anaisoma kuwa hapa kimeongezwa. Nikachanganya chokaa kidogo, nikaziba kona zote mbili kwa mkono wangu. Baba Zakaria aliisogeza karatasi mpaka ikagusa pua yake. "Una hakika?" Nikasema ndiyo. Akatia sahihi. Ilikuwa kazi nzuri, mistari safi. Nadhani hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu zaidi.

Kikao kilifanyika barazani, Jumamosi asubuhi, na ziwa lilikuwa mbali enzi hizo, huko mwisho wa miembe na minazi. Shefu, wazee wanne, jirani tele. Karatasi yangu ilitandazwa mezani na kuwekewa mawe kwenye pembe. Baba Mukubwa aliitazama kwa muda mrefu. Alijua inadanganya, na alijua hawezi kuikanusha bila kuwaambia wakwe wa Byamungu, waliokuwa wameteremka kutoka mlimani na kukaa mstari wa mbele, kwamba yeye ndiye aliyewadanganya kwanza. Akasema tu: "Muite fundi." Mzee Kashindi akaja na koti lake. Akaapishwa, mkono juu ya Biblia yake mwenyewe. Akainama, akaufuata mstari wangu kwa kidole kutoka barazani, ukumbini, mpaka nyuma. Pale penye nafasi, kidole kikasimama. Akainua uso akanitazama. Sikuona hasira. Ilikuwa sura ya mwalimu aliyekuta kosa kwenye daftari la mwanafunzi aliyekuwa anamtegemea.

"Mzee," shefu akauliza, "hizi vyumba ya nyuma, mulizijenga pamoja na nyumba?"

Aliondoa kidole kwenye karatasi. "Minye," akasema, "sikumbuke."

"Namna gani hukumbuke? Juzi ulitutajia mafundi yote na majina yao!"

"Juzi nilikumbuka. Leo nimesahau."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Shefu akauliza tena, kwa upole, kama mtu anavyomwuliza mtoto. Mzee akatikisa kichwa. "Nimesahau. Ni uzee." Sauti kutoka nyuma ikasema: "Mumuache, kichwa yake imechoka." Akarudi akakaa, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Shefu akaamua kwa karatasi.

Mama Riziki alipika mukeke, samaki wa siku kubwa, siku ile, akamwaga mawese bila kupima, na jirani wakaja na vigelegele. Nilikula. Nilikuwa na njaa, na katika hilo sitasema uongo. Baadaye nikamsindikiza Mzee Kashindi mahali pa malori. Alipoweka mguu kwenye ngazi ya lori akageuka. "Ningesema kweli, ule mama angeacha watoto yake. Ningesema kama weye ulivyochora, ningekuwa nimeapa bure. Nikaona nibebe uongo ile inaniangukia minye peke yangu." Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza. "Usichore tena vile, binti. Mara moja inatosha muntu." Sikuchora tena vile. Lakini kabla mwaka haujaisha, mtaa wa pili walianza kujenga nyumba kubwa na wakaleta fundi kijana kutoka mbali. Nilipouliza kwa nini hawakumwita Mzee wa Nyakabere aangalie msingi, wakacheka: yule wa "nimesahau"? Jina likamganda. Niliondoka Nyamianda mwaka ulipokwisha, nikaenda kufundisha, nikaolewa, nikarudi mtu mzima. Mzee Kashindi alipokufa, habari zilinifikia mapema ya kutosha kwenda kuzika. Nilisema mvua imekata barabara. Mvua ilikuwapo. Barabara haikukatika.

Hayo yote nilimweleza Riziki tukiwa tumekaa juu ya kitanda chake barabarani, mama yake akiwa amekwisha kuzikwa miaka mingi, Baba Mukubwa naye vilevile, aliyenisalimia kwa kichwa tu mpaka mwisho wa siku zake. Sijui kwa nini nilisema siku ile. Labda kwa sababu hakukuwa na mtu tena wa kufukuzwa. Riziki alisikiliza akitazama maji.

"Basi baba hakujenga," akasema.

"Hapana."

"Hata ukuta mumoja?"

"Alibadilisha paa."

Akafikiri. "Paa si kitu kidogo." Wajukuu wake walikuwa wanaita kutoka kwa jirani kwamba uji umeiva. "Mama angefukuzwa," akasema, "na sisi tungekulia kwa Baba Mukubwa, kila siku tukikumbushwa. Sitakulaumu, Tantine. Lakini nimekuwa nikiwaambia hawa watoto ile maneno ya mama. Karibu kila jioni. Sasa nitawaambia nini?" Akajifuta uso kwa kitenge. "Na ule mzee," akauliza, "alibakisha watu?"

Jumapili iliyofuata tukaenda Nyakabere, sisi wawili, kwenye kiti cha nyuma cha gari la watu wengi, magoti yangu yakilia kila shimo. Binti wa Mzee Kashindi anaitwa Mapendo. Ni mkubwa kwangu, meno machache, akili kama wembe. Alitukaribisha nje ya jiko, akatupa viti, akaendelea kuchambua mchele, na mimi nikaeleza kila kitu tangu kijiko mpaka lori. Nilisema baba yake hakusahau chochote siku ile. Nilisema alibeba uongo wangu. Nilitegemea atanifukuza, au atalia, au atafurahi kwamba jina la baba yake limesafishwa, hata kama angeuliza waliolisafisha walikuwa wapi miaka yote hiyo. Vidole vyake vilisimama juu ya ungo.

"Alirudi ile Jumamosi," akasema, "na watu walikuwa wamekwisha kutuambia. Kama kichwa imemutoka mbele ya shefu. Tukaogopa. Kaka yangu akachukua mwiko yake na kamba na timazi, akavificha, asije akapanda mahali akaanguka. Hatukumuacha aende sokoni peke yake. Kanisani wakamutafutia mukatekista mwingine. Nikimupa chakula, nilikuwa nasema polepole, baba, hii ni bugali, hii ni samaki. Miaka sita, mupaka tukamuzika."

Riziki alitaka kusema kitu. Mapendo akainua mkono, si kwa ukali.

"Hakubishana hata siku moja," akasema. "Alikuwa anatuangalia tu."

Akapepeta mchele wake mpaka ukaisha. Kisha akasimama kwa shida, akashika mlango wa jiko, akatuambia tusiondoke, chakula kiko karibu.